Darubini ya Bunduki kwa Misitu ya Sweden

SWALI: Msomaji wa Stockholm aliyefaulu mtihani wa uwindaji anataka darubini ya bunduki yenye ukuzaji wa 1 hadi 6. Aichague na kuijaribu vipi?

JIBU: Katika misitu ya Sweden mbwa humtimua elki (kulungu mkubwa) au nguruwe mwitu, na mnyama huyo hukatiza kwa mbio karibu na mwindaji. Hapo ukuzaji wa 1 ndio muhimu, kwa kuwa macho yote mawili hubaki wazi. Dukani, mnunuzi aiweke kwenye 1 na kutazama fremu ya mlango. Ikionekana kubwa kuliko kwa jicho tupu au imepinda, hiyo si 1 halisi. Nukta ya mwanga ya kulengea nayo ionekane mchana kweupe.

Machweo ya Oktoba yanataka hesabu. Kipenyo cha lenzi ya mbele kikigawanywa kwa ukuzaji hutoa upana wa mwanga unaofika jichoni: milimita 24 kwa 6 ni 4, lakini kwa 4 ni 6. Giza likiingia, apunguze ukuzaji.

Kisha uwanjani, bunduki ikiwa imeegemezwa imara, apige risasi tatu kwa mita 100 kwenye 6, na tatu kwenye 3. Makundi ya matundu yakiachana waziwazi, airudishe dukani. Baadaye, akilenga alama ileile, azungushe virekebishi vya darubini mibofyo 20 juu, 20 kulia, 20 chini, 20 kushoto, akipiga kundi moja kabla ya kuanza na jingine baada ya kila hatua. Kundi la mwisho lazima lirudi penye la kwanza.

Amalizie kwa sanamu ya elki anayekimbia, umbali wa mita 80, kama ile ya mtihani wake.