Podikasti ndani ya daladala: ni kusoma kweli?

Swali: Daktari, niko intanshipu Dar es Salaam. Nasikiliza podikasti za tiba ndani ya daladala. Je, huko ni kusoma?

Jibu: Ni kusoma, ila nusu tu. The Curbsiders, kwa mfano, ni madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani wanaohoji mabingwa. Unachovuna pale ni namna bingwa anavyofikiri: kwa nini kaanza na swali hili, kwa nini kaacha kipimo kile. Vitabu vingi havikuonyeshi hayo.

Namba, hata hivyo, usiliachie sikio. Artesuneti ya sindano kwa malaria kali ni miligramu 2.4 kwa kilo. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa 3. Konda akidai nauli katikati, utabaki na ipi? Hakiki kwenye mwongozo wa taifa wa matibabu, maana hata dawa zinazotajwa kwenye podikasti hizo huenda famasi yenu haina. Vipele vya ngozi, au picha ya umeme wa moyo? Huko lazima jicho.

Ukishuka, jieleze kwa sauti mambo mawili matatu uliyosikia. Yasipokuja, rudia kipindi. Na ukitoka zamu ya usiku, mdogo wangu, weka taarabu ulale.