Dondoo Muhimu: Rekodi za kamera zikae wapi?

Mwenye mashine ya kukoboa mpunga Ifakara anayefunga kamera nne asikimbilie kuhifadhi kila kitu mtandaoni. Kamera moja inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Nne hujaza kama 86, na bando gani la simu litabeba mzigo huo? Diski ya terabaiti 2 iliyoundwa kwa kurekodi mfululizo, si ya kompyuta ya kawaida, hutunza rekodi za siku 23 hivi. Utasema mwizi ataondoka na kinasa chenyewe chenye diski hiyo. Kweli, basi kifungiwe chumba kingine, tena juu, maana Bonde la Kilombero hufurika masika, na mtandaoni vipelekwe tu vipande vya usiku vyenye mtu anayetembea. Kadi iliyo ndani ya kamera? Kamera ikiibwa, nayo imekwenda.