Kabla ya Kulaumu Betri, Ipime Chaja

Umeme wa TANESCO ukikatika usiku, jenereta la hospitali huwaka au hugoma kutegemea betri yake, na betri hiyo inaishi kwa chaja ya ukutani ambayo watu hupita bila kuitazama. Mafundi wengi hubadilisha betri kila inapokufa, wala hawaulizi imekufa kwa nini. Mahali kama Mbozi Mission, ambako kipuri kikikosekana Vwawa na Mlowo hufuatwa Mbeya, ni afadhali chaja ikaguliwe kila mwezi. Mwongozo huu ni wa betri za risasi na asidi zinazoongezwa maji. Za litiamu zina taratibu zake.

1. Soma kabla hujazima. Chaja ikiwa kazini, weka mita kwenye vichwa vya betri. Betri ya volti 12 iliyokwisha kujaa isome kati ya 13.5 na 13.8, ya volti 24, kati ya 27 na 27.6. Kijitabu cha chaja kikitaja namba nyingine, kifuate. Volti zikizidi siku nzima, maji huchemka na kupungua. Zikiwa chini, salfeti huganda kwenye sahani na betri haijai tena. Baridi nayo ina sehemu yake. Asubuhi za Juni na Julai huku juu, betri ya volti 12 huhitaji takriban volti 0.2 zaidi kwa kila nyuzi 10 chini ya 25, na chaja isiyo na kihisi cha joto haijui hilo.

Halafu geuza mita upande wa AC, upime palepale. Ukiona nusu volti au zaidi, shuku daiodi au kapasita. Kipimo hiki wengi hukiruka, nami nakiona bora kuliko kupangusa boksi zima.

2. Mwarifu muuguzi wa zamu kwamba jenereta halitawaka kwa muda, na uchague saa isiyo na upasuaji. Fungua madirisha, vua saa na pete. Zima umeme wa ukutani kwanza, ndipo ufungue waya za betri, hasi ikitangulia. Ukifungua chaji ikiwa inaingia, cheche huruka, na haidrojeni inayotoka kwenye betri huweza kulipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa. Subiri dakika 10, kisha pima kapasita uhakikishe zimeishiwa umeme kabla ya kugusa ndani.

3. Ondoa vumbi kwa brashi laini na upepo mkavu wa taratibu. Kitambaa kibichi hapana. Shika feni isizunguke unapoipuliza. Baadaye izungushe kwa kidole: ikikwaruza, beringi zimekwisha.

4. Kaza nati zote. Waya uliobabuka unatokana na nati iliyolegea. Ukate uweke mwingine, usiufiche kwa utepe. Ukungu mweupe au wa kijani kwenye vichwa usuguliwe kwa maji ya magadi, yasiingie kamwe kwenye matundu ya betri. Kabla ya mvua za Novemba na radi zake, kagua pia waya wa ethi.

5. Rudisha chanya, kisha hasi, paka vichwa mafuta ya mgando, ndipo uwashe. Ongeza maji betri ikishajaa, isipokuwa sahani zikiwa wazi: hapo zifunike kidogo kwanza. Tumia maji ya betri yasiyo na asidi. Ya kisima na ya chupa ya kunywa yana madini. Vaa miwani na glavu.

6. Kabla ya kuongeza maji hayo, haidromita isome 1.265 hadi 1.280 katika kila chumba. Chumba kilichoachwa nyuma kwa 0.050 kinakufa.

Andika yote kwenye daftari linaloning'inia kando ya chaja: tarehe, volti, ampea, haidromita. Chaja iliyopanda kutoka 13.6 hadi 14.1 kwa miezi mitatu bado itawasha jenereta leo, ila kwa namba hizo fundi anaweza kuirekebisha au kuagiza bodi ya kudhibiti volti kabla betri haijaungua.