MZIGO WA ELEKTRONIKI: KUPIMA BATRI BILA KUMWONEA MTU



Wote munajua ile batri ya volti 12 yenye kutupa mwangaza wa kujifunza usiku. Mwezi uliopita sisi wa mwaka wa sita tulisema: "Mchuuzi alitudanganya." Tulikosea. Sababu ya kosa letu ndiyo fundisho la leo.

1. CHOMBO CHENYEWE

Ampuli ikiwaka inavuta mkondo kwa batri. Basi ampuli ni mzigo. Mzigo wa elektroniki nao unavuta mkondo, lakini sisi ndio tunaamuru kiasi. Ndani muna transista kubwa. Umeme wenye kuingia unageuka joto, na ventilateri inalitoa nje. Kwa hiyo usizibe matundu yake.

2. NJIA NNE ZA KAZI

CC: mkondo haubadiliki. Ukiandika ampere 5, kitavuta 5 hata tansio ikishuka. Ndiyo njia ya kupima batri, maana hesabu ni nyepesi: ampere mara saa.

CR: rezistansi haibadiliki. Ukiandika omu 6, kwa volti 12 kitavuta ampere 2. Kwa volti 10,5 kitavuta 1,75.

CP: wati hazibadiliki. Ukiandika wati 60, kwa volti 12 ni ampere 5. Tansio ikishuka mpaka 10,5, mkondo unapanda karibu 5,7. Ndivyo inverta ya kompyuta inavyofanya: batri ikichoka, yenyewe inazidi kuikamua.

CV: chombo kinavuta mkondo mpaka tansio ishuke kwa ile tuliyoandika. Inafaa kwa kupima paneli ya jua. Kwa batri ni hatari: batri ya volti 12 ukiiandikia volti 10, chombo kitavuta kwa nguvu zake zote. Weka kwanza kikomo cha ampere.

3. KOSA LETU

Juu ya batri yetu imeandikwa 100 Ah. Tuliweka CC, ampere 20, chombo kisimame kwa volti 10,5. Kisha saa 2 na nusu kikasimama. 20 × 2,5 = 50. Nusu tu! Wawili kati yetu wakakimbia sokoni, wakamtupia yule mzee maneno makali mbele ya wateja wake.

Mwalimu wa fizika akatuuliza tu: "Mulisoma maandishi madogo?" Pembeni ya 100 Ah kuliandikwa 20 HR, ni kusema saa 20. Ahadi ilikuwa ampere 5 kwa saa 20. Batri ya risasi ukiikamua mbio, inatoa kidogo.

Tena waya zetu zilikuwa nyembamba, zote pamoja omu 0,05. Kwa ampere 20 zinakula volti 1 nzima. Batri ilikuwa ingali na 11,5. Chombo kikaona 10,5, kikasimama.

4. MARA YA PILI

Tulijaza batri, tukaiacha ipumzike. Waya nene zikapitisha mkondo. Waya zingine mbili, za kusoma tansio tu, tukazifunga kwenye vichwa vyenyewe vya batri. CC, ampere 5, kikomo 10,5. Tulilinda kwa zamu usiku kucha. Kilisimama kisha saa 18 na nusu: 92,5 Ah. Na batri ilikuwa imekwisha kutumika miezi mingi.

Tulienda sote kumwomba mzee msamaha. Alitupokea vizuri, lakini akauliza: "Na wale waliosikia siku ile, nani atawaendea?" Hatukuwa na jibu.

5. KABLA YA KUGUSA

a) + kwa +, − kwa −. Ukigeuza, mkondo unapita ndani ya transista bila amri. Weka fuzi karibu na batri.
b) Hesabu wati mbele: 12 × 20 = 240. Chombo chetu kinabeba 300, hakipiti hapo.
c) Kisha kupima, jaza batri siku ile ile. Ikikaa tupu inaharibika.
d) Wakati wa kujaza, fungua madirisha, wala usilete moto karibu, batri inatoa gesi yenye kuweza kulipuka.

ZOEZI: Batri ya volti 12 imeandikwa 60 Ah, 20 HR. Utachagua njia gani, ampere ngapi, kikomo gani? Na kama saa 14 zimepita tu, utamwambia mchuuzi nini, na kwa sauti gani?

Leteni majibu kwetu kabla ya toleo lijalo.