Dawa ya mimea ya kuua vijidudu: soma lebo kabla ya kulipa

Chupa ina picha ya jani la mwarobaini, kifuniko cha kijani na maandishi makubwa: asilia, haina kemikali, inaua vijidudu kwa asilimia 99.9. Igeuze. Nyuma mara nyingi utakuta namba ya simu ya mtengenezaji na neno "manukato", basi. Kilichomo ndani hakikutajwa. Kwa kitu utakachofutia meza ya chakula na sakafu anayotambaa mtoto, kasoro hiyo inatosha kuiacha dukani. Na hiyo "haina kemikali" ni porojo, maana hata maji ni kemikali.

Dawa za mimea zinazofanya kazi kweli zipo. Ethanoli ya vitakasa mikono huweza kutengenezwa kwa molasi ya miwa. Mchanganyiko mmoja uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una ethanoli asilimia 80. Usidhani asilimia 100 ingekuwa bora zaidi: ethanoli isiyo na maji huua vijidudu kwa shida, kwa sababu maji ndiyo yanayoisaidia kuharibu protini zao. Zipo pia asidi ya sitriki na asidi ya laktiki, zinazopatikana kwa kuchachusha sukari, na thimoli, iliyomo katika mafuta ya thaimu.

Tuitazame thimoli kwa karibu. Kampuni ya Seventh Generation ya Marekani imeuza dawa ya kupuliza yenye thimoli asilimia 0.05 tu, iliyosajiliwa na EPA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo. Lebo inaagiza mahali palipopulizwa pabaki pamelowa kwa dakika 10. Dakika 10! Nani kati yetu husubiri? Tunapuliza, tunafuta papo hapo, tunaondoka tumeridhika. Uchafu umetoka, na hilo si haba, lakini vijidudu vingi vimebaki hai. Kwa hiyo, dawa yoyote utakayonunua, tafuta jina la kiambato kinachoua, asilimia yake, na muda wa kuiacha imelowa. Osha kwanza kwa sabuni na maji, kwa kuwa uchafu huinyong'onyeza dawa.

Harufu kali si kipimo cha lolote. Mafuta ya mkaratusi yananukia usafi, lakini mililita chache tu zikimezwa na mtoto mdogo zinaweza kumletea degedege. Mafuta ya karafuu, kwa wingi, huumiza ini la mtoto. Limonini ya maganda ya machungwa ikikaa na kupigwa hewa hugeuka kuwa vitu vinavyowasha ngozi. Mwenye pumu nyumbani ni sababu nzuri ya kuchagua isiyo na manukato kabisa.

Sasa nembo, ambapo wengi tunachanganywa. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 528 ya 2012 inakataza dawa za kuua vijidudu kutangazwa kwa maneno kama "asilia", "haina sumu" au "rafiki wa mazingira". Ua la EU Ecolabel huwekwa kwenye sabuni za kusafishia, si kwenye dawa za kuua vijidudu. Marekani nako, nembo ya Safer Choice, iliyoanza kutumika 2015, ni ya visafishio vya kawaida. Dawa za kuua vijidudu zina nembo yake tofauti, Design for the Environment. Ukiona nembo ya Wizara ya Kilimo ya Marekani inayotaja asilimia ya malighafi ya viumbe hai, ujue inakueleza hicho tu. Haisemi kama bidhaa ni salama, wala kama inaua kitu.

Kwetu, nembo ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, inathibitisha kwamba bidhaa imefikia kiwango kilichowekwa. Si cheti cha mazingira. Nchini Kenya, namba ya kibali iliyo chini ya nembo ya KEBS unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Tanzania, dawa za kuua vijidudu zinaihusu pia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, basi muulize muuzaji kuhusu usajili. Akikwepa, umepata jibu.

Ukishafika nyumbani, dawa ya ndimu, siki au asidi ya sitriki usiichanganye kamwe na jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na choo kidogo kisicho na dirisha ni mahali pabaya pa kuivuta. Usiihifadhi dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa au soda, hata kama ndivyo ulivyouziwa sokoni. Tafuta chombo kingine, kiandike jina la dawa, kiweke juu mtoto asikofika.

Na kipindupindu kikiingia mtaani, weka pembeni mchaichai na siki. Mahali palipochafuliwa kwa matapishi au kinyesi panahitaji klorini ya asilimia 0.5, iliyochanganywa siku hiyohiyo kama wahudumu wa afya watakavyoelekeza.