SOMO: Msumeno wa Injini Si Jembe la Kuazimana

Ndugu na dada wa vikundi vya Lodwar, Kakuma na vijiji vya kando ya Turkwel, wengi wenu mnafyeka mathenge, yaani etirae, mpate makaa, kuni na nguzo za ua. Mti huu ulipandwa kwetu miaka ya 1980 ili kuzuia mchanga na kutoa kuni. Leo umefunga njia na malisho. Ndiyo sababu vikundi vingine vimechanga pesa na kununua msumeno wa injini, ule tunaouita pawasoo. Ni jambo zuri. Lakini mashine ikifika tu, kila mwanachama anataka kuishika, na shida huanzia hapo.

Namfahamu kijana mmoja aliyeazima mashine kwa siku moja. Hakuwa amefundishwa, na miguuni alivaa akala. Aliingiza msumeno katikati ya kichaka cha mathenge, na ncha yake ikagusa tawi lililojificha nyuma ya lile alilokuwa akikata. Mashine ikamrukia begani. Wenzake walimbeba kwa pikipiki, na akapona, lakini mpaka leo mkono ule hauinui mtungi wa maji.

Kwa nini ilimrukia? Mnyororo huzunguka kwenye bamba refu la chuma. Injini ikinguruma kwa nguvu, mnyororo hupita kama mita 20 kwa sekunde moja. Sehemu ya juu ya ncha ya bamba ikigusa mti, meno hushika badala ya kukata, na nguvu yote inaitupa mashine juu na nyuma, kwako wewe. Hakuna mtu anayeweza kukwepa kwa haraka hiyo, hata awe na nguvu namna gani. Kwa hivyo jua kila wakati ncha iko wapi. Kata kwa sehemu ya bamba iliyo karibu na injini. Shika kwa mikono miwili, kidole gumba cha kushoto kikizunguka mpini kwa chini. Usisimame moja kwa moja nyuma ya bamba, na usikate kitu kilicho juu ya bega. Ile ngao iliyo mbele ya mkono wa kushoto ni breki ya mnyororo. Ijaribuni kila asubuhi. Kama haisimamishi mnyororo, hakuna kazi siku hiyo, hata kama mteja wa makaa anangoja na lori.

Mathenge una ujanja wake mwingine. Huota mashina mengi pamoja, na matawi huinama hadi chini. Tawi lililopinda hivyo ni upinde uliovutwa. Ukilikata kwa haraka upande wa nje, ule uliovutika, linapasuka na kukupiga usoni. Simama pembeni, mahali tawi haliwezi kurukia. Kata kidogo kwanza upande wa ndani uliobanwa, kisha malizia upande wa nje polepole. Kabla ya hayo yote, mtu wa panga asafishe matawi madogo na miiba, ili uone unachokata na uwe na njia ya kurudi nyuma. Wengine wakae mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti. Watoto na mbuzi wasikaribie kabisa.

Msikate chini sana mchangani. Mchanga humaliza meno ya mnyororo kwa dakika moja, nasi mchanga tunao wa kutosha! Acheni kisiki kifike magoti. Kama mnataka mti usichipuke tena, kichimbueni kwa jembe na shoka, kwa sababu machipukizi hutoka kwenye shina lililo chini ya udongo. Na ewoi msiguse. Kando ya mto kila ekwar ina wenyewe, na mbuzi wanategemea maganda yake. Ongeeni na wazee, chifu na ofisi ya misitu kabla ya kuanza.

Sasa matunzo. Mnyororo butu ndio hatari zaidi, kwa maana unasukuma kwa nguvu na mwili unachoka. Tazama unga wa mti. Ukitoka vipande vidogo, mnyororo ni mkali. Ukitoka vumbi laini, simamisha injini unoe. Tumia tupa ya mviringo, sukuma kuelekea upande mmoja tu, na kila jino lipate idadi sawa ya misukumo. Kile kidomo kilicho mbele ya kila jino usikipunguze ovyo ovyo, maana kikishuka sana mashine huruka zaidi. Chujio la hewa lisafishwe kila siku. Kwa vumbi la Lodwar, hata mara mbili.

Mashine nyingi za sasa hutaka mililita 100 za oili ya injini ndogo kwa lita 5 za petroli, lakini fuateni kitabu cha mashine yenu. Oili ya mnyororo ni nyingine, na ina tangi lake. Msijaze petroli injini ikiwa moto wala karibu na sigara, na fungueni mtungi wa petroli polepole, jua limeujaza mvuke. Washia mashine chini, mguu wa kulia ndani ya mpini wa nyuma, mbali na mahali mlipojazia.

Vaeni buti ngumu, suruali nzito, miwani na kizuia kelele. Joto litawasumbua, kwa hivyo fanyeni kazi alfajiri mpaka saa nne asubuhi, kisha pumzikeni. Mtu asiende peke yake. Akikatwa, gandamizeni kidonda kwa kitambaa safi bila kuachilia, mkimpeleka hospitali. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120, kwa hivyo pangeni mapema gari ni la nani.

Ya kuzungumza kikundini: Ni watu gani wawili tutakaowapeleka kujifunza, na mashine italala kwa nani? Mwenyekiti akimtuma mpwa wake aje kuiazima, mtunzaji atamjibu nini?