Kipimo cha Rangi Kwenye Simu: Usikimbilie Kuamini

Hebu fikiria mko chini ya mkorosho, Kibiti. Mwenzako anakwambia, "Chuma lile bibo jekundu!" Wewe unaona majani matupu mpaka usogee karibu. Anakucheka. Lakini huenda si uzembe, rafiki. Huenda macho yako hayatofautishi nyekundu na kijani.

Watu huita hali hii upofu wa rangi, jina linalopotosha kidogo, maana wengi wenye nayo huona rangi, ila baadhi tu ndizo zinazofanana. Ndani ya jicho kuna aina 3 za chembechembe za kupokea rangi. Aina moja ikikosekana au ikiwa na kasoro, rangi huchanganyika. Mara nyingi mtu huzaliwa hivyo. Kasoro hukaa kwenye kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, aliyopewa na mama, kwa hiyo ikiharibika hana ya akiba. Msichana anazo mbili, ndiyo maana hali hii huwapata zaidi wavulana. Haiambukizi, wala hujalogwa.

Mwaka 1917 daktari Mjapani, Shinobu Ishihara, alitoa picha za vitone zenye tarakimu iliyojificha ndani. Kwa nini vitone? Kwa sababu tarakimu ya kijani iliyokoza kwenye karatasi nyekundu hafifu ungeisoma kwa giza na mwanga tu, bila kuona rangi. Vitone vimekoza na kufifia ovyo ovyo, hivyo njia hiyo ya mkato imezibwa.

Siku hizi picha hizo zimejaa kwenye simu, na hapo ndipo penye mtego. Kioo cha simu huunda kila rangi kwa kuchanganya mianga 3: nyekundu, kijani na bluu. Ukiwasha ule mwanga wa njano wa usiku, au ukiwa juani Nyamisati ukisubiri boti ya Mafia, unachokiona kinabadilika. Simu mbili zinaweza kukupa majibu mawili! Kompyuta yenyewe haina ubaya. Huko London wataalamu wametengeneza kipimo cha kompyuta kinachotumika kupima marubani, lakini kioo chake hurekebishwa kwanza kwa kifaa maalumu.

Basi ukifeli kwenye simu, usilie. Ukifaulu, usitambe. Nenda kwa mtaalamu wa macho hospitalini, hasa kama unataka urubani au unahodha. Usiku, kwenye mikondo ya delta, taa nyekundu ya chombo iko kushoto na ya kijani kulia, ukizichanganya mtagongana. Kwenye maabara ya kemia mwambie mwalimu mapema, mwenzako akusomee rangi. Kazi nyingine nyingi utazifanya vizuri tu. Dawa ya hali ya kuzaliwa nayo bado haipo hospitalini, na miwani ya rangi haiponyeshi.

Lakini je, rangi zimeanza kufifia sasa, wakati zamani ulikuwa unaziona vizuri? Hilo ni jambo jingine, wahi hospitali. Kama unatumia dawa za kifua kikuu, mweleze mhudumu siku hiyo hiyo, kwani mojawapo, ethambutol, inaweza kudhuru mshipa wa jicho. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe.